Jagi la wati 1850 au 2200? Namna ya kupata ukinzani na nguvu ya kifaa kwa volti na ampea

Geuza jagi la umeme lililo jikoni kwako usome kibandiko cha chini. Majagi mengi yanayouzwa kwetu yameandikwa hivi: 220-240V, 50-60Hz, 1850-2200W. Mteja mmoja aliniletea la kwake na swali moja tu: "Fundi, hili ni la 1850 au la 2200? Aliyeniuzia kasema 2200." Nikamwambia yote mawili ni kweli. Akanitazama kama mtu anayeona anazungushwa.

Nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya boksi. 220 mara 220 ni 48,400. Gawa kwa 1850, unapata 26.16. Kisha 240 mara 240 ni 57,600. Gawa kwa 2200, unapata 26.18. Namba ni ileile. Kiwanda hakikutengeneza jagi la wati 1850 wala la wati 2200. Kilitengeneza jagi lenye koili ya ukinzani wa omu 26 na kitu, na wati zinategemea volti zitakazokuja kwenye soketi yako.

Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza. Kinachobaki ni kujua kupima na kukokotoa mwenyewe, bila kutegemea kibandiko, kwa sababu vibandiko vingine vimefutika, vingine vimebandikwa juu ya vingine, na vingine vinasema uongo mchana kweupe.

Herufi nne

V ni volti, yaani msukumo wa umeme. I ni mkondo, unaopimwa kwa ampea. Mafundi wengi husema "ampi" na wanaelewana. R ni ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu kinauzuia mkondo usipite, na kipimo chake ni omu. P ni nguvu, kwa wati. Wengi hufundishwa haya kwa mfano wa tangi la maji na bomba. Mimi siutumii, kwa kuwa watu wakishauzoea huanza kuniuliza maji yanarudi wapi.

Kanuni ni mbili tu:

R = V ÷ I
P = V × I

Ukiziunganisha unapata nyingine mbili, ambazo ndizo utakazozitumia zaidi kwenye kazi:

P = V × V ÷ R
P = I × I × R

Ya kwanza kabisa ina jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827. James Watt, ambaye jina lake tunalitaja kila tukinunua balbu, hakuwa mtu wa umeme hata kidogo. Alikuwa Mskoti wa injini za mvuke, na alikufa mwaka 1819, kabla Ohm hajaichapisha kanuni hiyo.

Tumia P = V × V ÷ R unapojua volti na ukinzani wa kifaa: jagi, pasi, jiko la koili, hita ya maji. Tumia P = I × I × R unapotafuta joto linalopotea njiani: kwenye waya, kwenye maungio, kwenye soketi iliyolegea. Hapo mkondo ndio wenye kesi, na nitarudi kwake mwishoni.

Kabla ya kuzidisha chochote, angalia kipimo. Chaja ya simu ikiandikwa 350mA, hizo ni milliampea. Gawa kwa 1,000 upate ampea 0.35. Ukisahau, utazidisha 230 kwa 350 upate wati 80,500, na chaja yako itahitaji transfoma yake peke yake kwenye nguzo. Vilevile kilo-omu 4.7 ni omu 4,700. Makosa mengi ninayoyaona kwa vijana wanaojifunza si ya kanuni, ni ya sifuri tatu.

Anza na taa ya volti 12

Usijifunzie kwenye umeme wa nyumbani. Tafuta betri ya gari au ya pikipiki, taa ya breki iliyoandikwa 12V 21W, vipande viwili vya waya, na mita. Kile kimita cha njano cha bei rahisi kinatosha.

Kwanza volti. Waya mweusi wa mita uingie tundu la COM, mwekundu tundu lenye herufi V. Zungusha kitufe kwenye DC 20 (DC ni umeme wa betri). Washa taa, kisha gusisha ncha mbili za mita kwenye miguu miwili ya taa, taa ikiwa inawaka. Tuseme unasoma 12.2. Pima taa ikiwa inawaka, sio betri ikiwa imekaa bure, maana betri isiyo na mzigo husema namba kubwa kuliko ile itakayokupa kazini.

Sasa ampea. Hapa wengi ndipo wanapochoma mita. Volti unazipima kwa kugusa pande mbili za kifaa, lakini ampea lazima zipite *ndani* ya mita. Kwa hiyo: zima, hamisha waya mwekundu kwenda tundu la 10A, zungusha kitufe kwenye 10A, kisha kata njia: ule waya uliokuwa unatoka betri kwenda taa uondoe, na mita ikae pale palipokatika. Washa. Utasoma kama 1.76.

Kokotoa:

R = 12.2 ÷ 1.76 = omu 6.93
P = 12.2 × 1.76 = wati 21.5

Kibandiko kilisema 21. Umepata 21.5 kwa mkono wako mwenyewe.

Kisha rudisha waya mwekundu kwenye tundu la V. Sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata. Mita yangu ya kwanza ilikufa hivyo: nilipima ampea za betri, nikasahau waya kwenye 10A, nikaenda kupima volti za soketi. Kwenye tundu la 10A mita haina ukinzani wa maana, ni kama kipande cha waya tu. Tuseme njia nzima, pamoja na nyaya za nyumba, ilikuwa na nusu omu: 230 ÷ 0.5 ni ampea 460. Breka iliruka, ncha za mita ziliyeyuka zikawa kama zimeng'atwa, na mimi nikabaki na mpini mkononi na masikio yanayolia. Vimita vingi vya aina hiyo vina maandishi madogo pembeni ya tundu la 10A yanayosema halina fyuzi. Yasome.

Jambo moja zaidi kwenye taa hii. Iondoe kwenye betri, ipoe, kisha zungusha mita kwenye omu 200 upime ukinzani wake. Gusisha kwanza ncha za mita zenyewe kwa zenyewe. Zitasoma labda 0.4, huo ni ukinzani wa nyaya za mita, utautoa. Taa itasoma kama 0.9, ukitoa 0.4 inabaki nusu omu. Lakini dakika moja iliyopita ulikokotoa karibu omu 7! Hujakosea. Uzi wa taa ya kizamani ni wa tangsteni, na ukipata joto kali ukinzani wake hupanda mara kumi na zaidi. Ndiyo maana taa za aina hiyo hupenda kuungua pale pale unapobonyeza swichi: kwa muda mfupi sana uzi ni baridi na mkondo unaingia mkubwa. Kwa hiyo balbu ya uzi usiikokotolee wati kwa kuipima omu ikiwa baridi. Kwake pima volti na ampea ikiwa inawaka.

Jagi, likiwa halijachomekwa

Koili ya jagi na ya pasi si tangsteni. Ni nikromu au ndugu zake, na ukinzani wake haubadiliki sana kati ya baridi na moto, asilimia chache tu. Hiyo ni bahati, kwa sababu inatuwezesha kujua wati za jagi bila kuligusisha umeme hata mara moja.

Chomoa jagi. Omu hazipimwi kamwe kwenye kitu chenye umeme. Liweke juu ya kitako chake, bonyeza swichi yake kama unataka kuchemsha, kisha mita ikiwa kwenye omu 200 gusisha ncha kwenye miguu miwili ya chini ya plagi, ile mifupi. Tuseme inasoma 26.6. Toa 0.4 za nyaya za mita: 26.2.

Kwa volti 230:

P = 230 × 230 ÷ 26.2 = wati 2,019
I = 230 ÷ 26.2 = ampea 8.8

Fyuzi ya plagi iwe ya 13A, na mara nyingi ndiyo iliyomo. Ukikuta fundi aliyekutangulia amefunga fyuzi ya 5A, sasa unajua kwa nini ilikuwa inakatika kila asubuhi. Ukikuta amefunga kipande cha waya wa simu badala ya fyuzi, mpigie umuulize hali yake.

Mita ikisoma 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo, njia imekatika: koili imekufa, au swichi, au fyuzi ya plagi. Anza na fyuzi kabla ya kuvunja jagi.

Ukiwa hapo hapo, pima kitu kingine ambacho hakihusu wati lakini kinahusu maisha. Kutoka mguu mrefu wa plagi, ule wa ethi, hadi bati la nje la jagi: iwe karibu na sifuri. Kisha zungusha kitufe kwenye omu kubwa kuliko zote, kama 2000k, na kutoka mguu huo mrefu hadi kila mmoja wa miguu mifupi: isome 1, yaani hakuna njia. Ikisoma namba yoyote, koili imetoboka na jagi hilo litakupiga shoti au litaangusha breka. Usilirudishe jikoni.

Jioni umeme ukishuka

Sasa hesabu inaanza kueleza mambo unayoyaona kila siku. Tanzania umeme wa nyumbani unatakiwa uwe volti 230, Kenya 240. Lakini mtaa wenye nyumba nyingi kwenye transfoma moja, saa moja jioni kila mtu amewasha, unaweza kupima 200 ukashangaa. Tunasema "umeme mdogo".

Ukinzani wa jagi bado ni 26.2, haujui kama ni jioni:

P = 200 × 200 ÷ 26.2 = wati 1,527

Volti zimeshuka kutoka 230 hadi 200, asilimia 13. Wati zimeshuka karibu asilimia 24, kwa sababu volti zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe. Zikishuka hadi 180, jagi lako la "2200" linabaki na wati 1,237.

Watu huniuliza kama basi umeme mdogo unaokoa yuniti. Hapana, si kwa kuchemsha maji. Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 inahitaji joto la joule 471,000 hivi. Kwa wati 2,019 hiyo ni sekunde 233, dakika nne kasoro. Kwa wati 1,527 ni sekunde 308, dakika tano na zaidi. Yuniti ni zilezile, kama 0.13, tena inazidi kidogo kwa sababu jagi linakaa muda mrefu likipoteza joto pembeni. Unachopoteza ni muda na subira.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoua vifaa vinavyotumwa na ndugu walioko Marekani. Kule soketi ni volti 120. Jagi la kule la wati 1,500 lina ukinzani wa 120 × 120 ÷ 1,500, sawa na omu 9.6. Lichomeke Dar es Salaam: 230 × 230 ÷ 9.6 ni wati 5,510, ampea 24. Ukiwa na bahati fyuzi inakatika kwanza. Na ukipeleka jagi letu kwao, 120 × 120 ÷ 26.2 ni wati 550. Haliungui, ila chai utainywa kesho.

Kupima volti za soketi: mita kwenye AC, yaani umeme wa ukutani, kitufe kwenye 750 (mita nyingine zimeandika 600), waya mwekundu kwenye V, umeangalia mara mbili. Shika vishikio nyuma ya kile kikingio cha plastiki, mkono mkavu, viatu miguuni. Kama nyaya za mita yako zimepasuka ganda, usiingize kitu kwenye soketi, nunua nyingine. Na pima volti kifaa kikiwa kinafanya kazi: jagi likiwa soketi moja, mita soketi ya pili yake.

Ampea bila kukata waya

Kile kimita cha njano kwa kawaida hakipimi ampea za AC. Angalia kitufe chake: upande wa A una alama ya DC peke yake. Usijaribu. Kuna njia mbili salama.

Ya kwanza ni klampu mita, ile yenye taya inayokumbatia waya. Ina siri moja: lazima ikumbatie waya *mmoja*. Ukikumbatia kebo nzima ya jagi, yenye laivu na nyutro pamoja, inasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana. Mafundi hutengeneza kiekstensheni kifupi ambacho ganda lake la nje limechanwa kama shubiri moja, nyaya tatu za ndani zikatenganishwa bila kuguswa maganda yao. Klampu inakumbatia ule wa kahawia. Ninacho changu tangu miaka mingi, ni chombo duni kwa kukitazama lakini kimenilipia kodi ya fremu.

Ya pili haihitaji kununua chochote. Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya kupepesa kwa kila yuniti, mara nyingi 1000 imp/kWh. Kama yako ni 1000, basi:

Wati = 3,600 ÷ sekunde kati ya kupepesa na kupepesa

(Kama imeandikwa 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600. Namba yoyote nyingine: gawa 3,600,000 kwa hiyo namba.) Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, uwache jagi peke yake. Usihesabu pepeso moja, saa ya simu haitakuwa sahihi, hesabu 20. Nilipofanya kwangu, mapepeso 20 yalichukua sekunde 36, kwa hiyo moja ni sekunde 1.8, na 3,600 ÷ 1.8 ni wati 2,000. Volti kwenye soketi zilikuwa 228 jagi likiwa linachemka. Basi:

I = P ÷ V = 2,000 ÷ 228 = ampea 8.8
R = V × V ÷ P = 51,984 ÷ 2,000 = omu 26

Njia tatu tofauti, kibandiko, mita ya omu, na LUKU, zote zimekuja palepale. Zikitofautiana sana, kuna kitu kingine kinakula umeme nyumbani na hujakizima, au kuna mtu kaunga umeme kwako. Angalizo: mita utaitazama kwa macho tu. Lakiri si mali yako. Na kama mita yenyewe iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia tokeni tu, itabidi urudi kwenye klampu.

Mota haimo humu

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ufundi alipima waya wa ndani wa pampu ya maji ya hosipawa moja akapata omu 6. Akafanya 230 × 230 ÷ 6, akapata wati 8,817, akaja mbio kuniambia pampu ina shoti. Haikuwa na shoti. Hosipawa moja ni wati 746, na pampu ilikuwa nzima kabisa.

Kwenye mota, koili haizuii mkondo kwa omu zake peke yake. Inazuia pia kwa usumaku unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na mita ya omu, inayotumia betri, haiuoni. Kwa hiyo pampu, feni, friji, mashine ya kufulia, transfoma: V × V ÷ R usiitumie. Hata V × I inakudanganya, ila kwa kiasi. Friji yangu inavuta ampea 0.9 kwa volti 230. Ukizidisha ni 207. Lakini LUKU inapepesa kila baada ya sekunde 27, yaani wati 133. Ile 207 inaitwa volti-ampea. Uhusiano wa 133 kwa 207, kama 0.64, mafundi huuita pawa fakta. Waya na inveta unazichagua kwa 207. Yuniti unalipia 133. Balbu za LED, TV na chaja nazo zina tabia zao, omu zao hazina maana. Kwa hivyo soma LUKU tu, imekwisha kukufanyia hesabu.

Ekstensheni ya saluni

Hapa ndipo P = I × I × R inapolipa.

Niliitwa saluni moja ya kike, malalamiko yalikuwa mawili: draya hazina moto, na kuna harufu. Draya mbili zilikuwa kwenye ekstensheni ya mita 15, iliyopita juu ya mlango ikashuka nyuma ya kioo. Nikawasha zote mbili. Soketi ya ukutani: volti 227. Mwisho wa ekstensheni: 215. Klampu: ampea 11.

Volti 12 zimeishia njiani. Hizo 12 tu, sio 227, ndizo unazoziweka kwenye kanuni unapotafuta ukinzani wa njia:

R = 12 ÷ 11 = omu 1.09
P = 12 × 11 = wati 132

Wati 132 zinapasha moto kitu ambacho si nywele. Swali ni kitu gani. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Ekstensheni ilikuwa na waya wa 0.75, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 15 ni mita 30:

0.0172 × 30 ÷ 0.75 = omu 0.69

Waya unaeleza 0.69. Nimepima 1.09. Zimebaki omu 0.4 ambazo si za waya, na omu hizo zimekaa mahali padogo, kwenye ungio. Zipe ampea 11:

11 × 11 × 0.4 = wati 48

Hicho ni chuma cha kuchomea risasi, kimewashwa ndani ya soketi ya plastiki tangu asubuhi. Nikazima, nikachomoa, nikafungua. Upande wa laivu skrubu ilikuwa imelegea, waya umekuwa mweusi hadi sentimita mbili ndani ya ganda, na bati la soketi limepoteza rangi yake ya dhahabu likawa na rangi ya zambarau. Plastiki ya nyuma ilikuwa imeanza kubonyea. Yule dada mwenye saluni alisema harufu ile alidhani ni ya dawa ya kulainisha nywele.

Nilivuta waya mpya wa 2.5, nikafunga soketi mpya, skrubu nikazikaza kisha nikavuta kila waya kwa mkono kuhakikisha hautoki. Nikarudia vipimo vilevile: ukutani 227, mwisho 224, ampea 11.5. Volti 3 kwa ampea 11.5 ni omu 0.26, wati 34 na nusu, zimetawanyika mita 15 za waya ambao hata ukiushika husikii joto. Draya ambazo zilikuwa zinapata 215 × 11, wati 2,365, sasa zinapata 224 × 11.5, wati 2,576. Binti aliyekuwa chini ya draya akauliza nani kaongeza moto.